Mifupa iliyo chini ya parseli zetu, na watoto wanaotaka kuisomea

(Maneno yaliyosomwa na komite ya masomo mbele ya mkutano mkubwa wa wanamemba. Tunayaandika hapa kwa ajili ya wale ambao hawakufika juu ya mvua na hali ya barabara.)

Wababa, wamama, wandugu na wadada tuliorudi, tunawasalimu. Tunawasalimu pia wale ambao hawakuondoka, waliobaki hapa wakatulindia miti ya mipaka ya parseli zetu, na hata wale ambao hawakuilinda. Leo wote tuko hapa, tusikilizane.

Mkutano uliopita mlitupa kazi. Zilikuja barua za vijana watatu wa shirika. Wote watatu wana diploma ya Leta, na wote wanaomba tuwasaidie kusoma ile sayansi inayosaidia mahakama kujua ni nani alikufa, alikufa namna gani, na nani alifanya. Wenyewe waliandika «forensiki». Ile siku moja, wenye parseli mbili walisimama wakasema kwamba walipochimba fondasyo ya nyumba walikutana na mifupa ya watu. Mkasema: komite iende iulize, irudi na jibu. Tulikwenda kuuliza madokta, maavoka wawili, wanaojitolea wa Croix-Rouge, na mwalimu mmoja wa biolojia. Tumerudi na jibu moja kwa yale mambo mawili, sababu yanagusana.

Tuanze na mifupa, juu yenyewe haingoji.

Jamaa ya kwanza walirudisha udongo, wakasogeza fondasyo mbali kidogo, wakapanda mti pale. Jamaa ya pili walitia mifupa ndani ya mfuko wa simenti wakauweka nyuma ya jiko, wangoje mtu wa Leta. Hatumlaumu mtu. Ukiwa na mkopo wa mabati na mvua iko karibu, hutaweza kukaa tu ukiangalia shimo. Lakini tunapashwa kueleza kwa nini wa kwanza walifanya vizuri na mfuko wa wa pili unatuhangaisha.

Mtu mzima ana mifupa 206. Mkono mmoja peke yake, kutoka kiwiko cha kiganja mpaka ncha za vidole, una mifupa 27, na mingine kati yake ni midogo kama punje ya maharagi. Mtu anayechimba na jembe ataona fuvu, ataona paja, ataona mbavu. Ile midogo itabaki ndani ya udongo aliotupa pembeni. Tena mifupa ni nusu tu ya habari. Nusu ingine ni namna ilivyolala. Mikono ilikuwa mbele ao nyuma ya mgongo? Mtu alilazwa kwa heshima, kichwa upande mmoja, ao walitupwa mmoja juu ya mwingine? Risasi ilikuwa ndani ya mbavu, ao ndani ya udongo wa juu ambako ingeweza kufika siku ingine? Kuko kitambaa, shanga, kifungo cha shati, ufunguo? Ukiisha kutia vyote ndani ya mfuko, ile nusu imekufa mara ya pili. Hakuna dokta, hata akitoka ng'ambo, anaweza kuirudisha.

Wanaojua kusoma mifupa wanaangaliaka kwanza nyonga. Ya mwanamke ni pana, sababu inaachia mtoto njia. Ya mwanaume imefinyana. Kwa umri, wanaangalia miisho ya mifupa. Mtoto akiwa anakua, miisho hiyo haijashikana na mti wa mfupa wenyewe. Inashikana kidogo kidogo, kila mfupa na wakati wake. Wa mwisho ni mfupa wa bega upande wa kifua, ambao unamaliza kufunga mtu akikaribia miaka 30. Kwa urefu, wanapima paja. Na kidonda kilichopona, kama mkono uliovunjika utotoni, kinabaki kimeandikwa palepale. Mama anaweza kusema «mwanangu alianguka ku mwembe akiwa darasa la tatu», na mfupa ukajibu ndiyo ao apana.

Nyuma ya hapo njo inakuja ADN, ambayo vijana wote wanaisikia. ADN ni ile alama mtu anayopewa na baba na mama, iko ndani ya damu, ndani ya mate, ndani ya meno na ndani ya mfupa mgumu. Inalinganishwa na ya wandugu walio hai. Baba, mama na watoto wa marehemu ndio wanafaa zaidi. Nyuma yao kaka na dada. Mume hawezi kutoa mate kwa ajili ya kumtambua mke wake, lakini watoto waliozaa pamoja wanaweza. Kuko tena ADN ya namna ya pili ambayo inapita kwa mama tu: mama, watoto wake, dada zake, na watoto wa wale dada. Hiyo inadumu zaidi ndani ya mfupa wa zamani, sababu kila mtu anayo nyingi mwilini. Ndani ya udongo wetu, wenye joto na maji mengi, ADN inaharibika mbio kuliko kule kwenye baridi. Mfuko wa plastiki unazidisha, sababu unashika maji na ukungu. Kuosha mifupa na sabuni ao javel nako ni kuharibu.

Sasa mnauliza: basi tufanye nini? Mukikutana na mifupa, simamisheni jembe. Musitoe kitu kingine. Pigeni picha kwa telefone mbele ya kugusa, muweke kitu chenye kipimo kinachojulikana pembeni, hata kalamu. Rudisheni udongo pole pole, muweke alama. Mwite sefu wa kijiji na shahidi mmoja asiye wa jamaa, muandike tarehe na majina. Halafu mtu aende kwa OPJ ao palke. Kufukua maiti pasipo ruhusa ya mwenye sheria kunaweza kukugeuza wewe mwenyewe mshitakiwa, na kunampa avoka wa upande ule maneno ya kusema: «nani anajua hiyo mifupa ilitoka wapi?»

Kwa jamaa ya mfuko, tumekubaliana nao hivi: mfuko wa simenti umebadilishwa na karatasi na boksi kavu, hakuna kilichooshwa, tumeandika rapoti na majina ya wote walioshika, na sefu amesaini. Hiyo rapoti imefika kwa OPJ. Tunajua mnachofikiri, kwamba OPJ hana hata mafuta ya moto. Ni kweli. Inaweza kupita miaka mbele magistra hajaja. Lakini karatasi iliyopokelewa na kugongwa muhuri inangoja vizuri kuliko mfuko.

Na ile maneno inayotembea sokoni, kwamba Leta italipa kila jamaa kwa kila fuvu, iacheni. Ni kweli kuna sheria ya tarehe 26 mwezi wa 12, 2022, juu ya wale walioumizwa na vita, na kuna mfuko wa Leta unaoitwa FONAREV kwa ajili ya malipizi yao. Lakini ni sheria juu ya watu walioumizwa, haikusema mahali popote kwamba mfupa ni feza. Mtu akikuambia ulete mifupa na dola za kuandikishwa, muulize anakaa wapi, halafu muje kutuambia.

Tuseme sasa juu ya masomo.

Watu wengi wanafikiri forensiki ni kazi moja, kama vile ile ya kwenye filimu ambapo mtu mmoja anachukua damu, anasoma risasi, anakamata muuaji, na saa moja imeisha. Ni kazi nyingi. Anayepasua maiti kutafuta sababu ya kifo ni dokta. Hapa kwetu anasoma medesini miaka sita ao saba, na nyuma yake utaalamu wa miaka mingine karibu minne. Anayesoma mifupa mara nyingi alianza na biolojia, anatomia ao kazi ya kuchimba vitu vya kale, halafu akafanya masters, na wengi wanaendelea mpaka doktora. Anayesoma meno ni dokta wa meno. Anayetafuta sumu ni mtu wa kemia. ADN ni ya watu wa jenetika. Kuko wa risasi, wa alama za vidole, wa saini na karatasi za uongo, na siku hizi wa telefone na kompyuta. Kwa hiyo kijana akisema «nataka forensiki», swali la kwanza ni: «ile ya nani?» Katika wale watatu, mmoja tu alikuwa na jibu tayari. Wawili walirudi nyumbani kufikiri, na hiyo ilitufurahisha.

Shule ya zamani kuliko zote za kazi hii iko Lausanne, Uswisi. Ilianzishwa 1909 na Rodolphe Archibald Reiss, aliyekuwa mwalimu wa picha za foto, na mpaka leo inafundisha kwa Kifaransa, ambacho watoto wetu wanacho. Mwaka uliofuata, 1910, Edmond Locard alifungua labo ya polisi Lyon, Ufaransa. Yeye njo anajulikana kwa lile wazo kwamba mtu hawezi kupita mahali pasipo kuacha kitu na kuondoka na kitu. Karibu na sisi, Afrika ya Kusini ina mafundisho mazuri: iniversite ya Cape Town ina masomo ya juu ya forensiki ya mwili wa mtu, na ya Pretoria inajulikana kwa kusoma mifupa. Lakini kule ni Kiingereza. Wale waliosoma Nyarugusu ao Lugufu na wakajifunza Kiingereza kidogo sokoni Kasulu, tunawaambia: Kiingereza cha soko hakitoshi kuandika memwari. Labo za ADN za Leta ziko Dar es Salaam, kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, na Kigali. Tunazitaja ili mujue kwamba kazi hii haiko Ulaya tu.

Tupite haraka juu ya feza, sababu jibu ni fupi: kilicho ndani ya sanduku letu hakifikishi mtu mwaka mmoja Lausanne. Hata nusu yake.

Kuko jambo moja ambalo lilitupa moyo zaidi kuliko shule zote. Mwaka 1984, Argentina ilikuwa imetoka kwenye utawala wa waaskari uliopoteza maelfu ya watu. Jamaa walikuwa wanafukua makaburi na makoleo, hata na mashini kubwa, mifupa inachanganyika, sawasawa na mfuko wetu wa simenti. Akaja mtu wa Marekani, Clyde Snow, mtaalamu wa mifupa. Alitafuta wakubwa wa kumsaidia, hakuwapata wengi, wengine waliogopa. Waliokuja walikuwa wanafunzi, vijana wa antropolojia, arkeolojia na medesini. Aliwafundisha makaburini, kwa mikono yao. Wale wanafunzi wakafanya kundi lao, Equipo Argentino de Antropología Forense, na kundi hilo limefanya kazi katika inchi nyingi za dunia, Kongo ikiwa ndani. Kilichowajenga ni miaka ya kukaa chini ya jua wakipangusa udongo na burashi, tena pamoja na wamama waliokuwa wanangoja jibu kila siku.

Ng'ambo ya ziwa la juu, Kibuye, mwaka 1996, wataalamu wa mahakama ya Arusha walifukua kaburi kubwa pembeni ya kanisa, wakatoa miili zaidi ya 400. Waliweza kuonyesha mbele ya mazuzi kwamba waliokufa pale walikuwa wamama, wazee na watoto, na kwamba hawakufa kwa mapigano. Majina lakini walipata machache sana, sababu jamaa nyingi zilikuwa zimeisha zote, hakukubaki wa kulinganisha naye. Kule Bosnia, ambako watu karibu 8.000 waliuawa Srebrenica 1995, karibu 7.000 wamerudishiwa majina, sababu walikusanya damu ya wandugu walio hai kwa maelfu. Angalieni vizuri hiyo tofauti. Elimu ya wachimbaji ilikuwa ileile. Kilichotofautisha ni wandugu walioandikwa wakiwa bado hai, na feza ya labo.

Sisi hapa tuna Makobola. Rapoti ya Umoja wa Mataifa iliyotoka tarehe 1 mwezi wa 10, 2010, ile inayoitwa Mapping, imeandika matukio 617 kutoka mwezi wa 3, 1993 mpaka wa 6, 2003. Ndani yake Makobola na vijiji vya karibu, kutoka 30 mwezi wa 12, 1998 mpaka siku za kwanza za 1999, inasema waliuawa zaidi ya 800. Wengi wetu tulivuka ziwa nyuma ya zile siku. Wale waliokuwa na miaka 45 wakati ule, leo wamepita 70. Kila mwaka tunazika wengine. Mama akizikwa, inakwenda naye habari ya jino la mtoto wake lililovunjika, na inakwenda ADN ya ile njia ya mama, isipokuwa aliacha watoto wengine ao dada.

Mzee mmoja alitusimamisha tulipokuwa tunakusanya maoni. Alisema: «Hii feza tulichanga kwa ajili ya ugonjwa na matanga. Munaitoa kwa wazima mukaipeleka kwa mifupa?» Swali ni zuri na hatutalikimbia. Mama mmoja alimjibu palepale, mbele yetu. Yeye hajafanya matanga ya mume wake mpaka leo, sababu hakuna aliyeuona mwili, na ukoo wa mume bado unamhesabu kama mke wa mtu aliye safarini. Shamba haligawanywi, mtoto wa kiume hawezi kusimama mahali pa baba yake. «Mimi njo mzima», alisema. Hatukuwa na cha kuongeza.

Woga mwingine ni mzito zaidi, na wengi waliutaja kwa sauti ya chini. Waliofanya yale mambo hawakufa wote. Wengine tunawapita barabarani, wengine wana vyeo. Mtoto wetu akirudi na ile elimu, atalala wapi? Hatuna jibu la kumaliza huo woga. Tunajua tu kwamba mtaalamu akifanya kazi peke yake yuko katika hatari, na akifanya ndani ya kundi, na rapoti iko mahali zaidi ya pamoja, hatari inapungua. Kwa hiyo hakuna kijana atakayetumwa na shirika kwenda kuchimba ao kuuliza maswali ya namna hiyo kwa jina letu. Kusoma ni kitu kimoja. Kuchunguza ni kazi ya wenye rekizisyo mkononi.

Tena tusiwadanganye vijana kwamba hii sayansi haikosei. Mwezi wa 4, 2015, polisi ya shirikisho ya Marekani, FBI, ilikubali kwamba wataalamu wake wa nywele walisema mambo kupita kiasi mbele ya mahakama katika zaidi ya kesi 90 kwa kila 100 walizopitia tena, na kati ya wale walioshitakiwa walikuwako waliohukumiwa kufa. Ripoti kubwa ya wanasayansi wa kule, 2009, ilikuwa imekwisha kuonya kwamba njia nyingi, kama kulinganisha alama za meno kwenye ngozi, hazijathibitishwa sawasawa. Kwa maoni yetu, nusu ya masomo haya ni kujifunza kusema «hapo mfupa hausemi kitu». Kijana asiyeweza kusema hivyo mbele ya zuzi na mbele ya jamaa inayolia, heri afanye kazi ingine.

Sasa mapendekezo. Hapa njo hatukubaliani wote hata ndani ya komite, mtasikia.

Tunataka kuanza na wale tunao tayari. Shirika lina wanamemba wanaofanya kazi ya infirmiye na wakunga kwenye vituo vya afya. Wengi wenu mnakumbuka mahakama ya kutembea iliyokaa Baraka mwezi wa 2, 2011. Mnajua pia kesi ya Kavumu, ambako mwezi wa 12, 2017 wanaume 11, mmoja wao mbunge wa provinsi, walipewa kifungo cha maisha juu ya watoto wadogo wa kike waliobakwa. Wale watoto hawakulazimishwa kusimama mbele ya wale wanaume. Zilitumika video na rapoti za madokta wa Panzi. Rapoti iliandikwa mapema, siku na saa, kidonda kwa kidonda, na mtu anayejua kuandika. Sheria 06/019 ya 2006 inasema katika kesi za ubakaji mwenye kuchunguza anapashwa kuita munganga. Na huyo munganga, katika vijiji vyetu, ni infirmiye wetu. Akiandika «amebakwa» tu, bila kueleza alichoona, avoka atamla. Akiandika alichoona na kuacha zuzi aamue, karatasi inasimama. Hiyo ni forensiki, na inafundishwa kwa siku chache, si miaka. Tunaomba sanduku lilipe usafiri na chakula cha wanne kwenda kwenye formasyo ya namna hiyo inapotangazwa, na wakirudi wafundishe wenzao.

Kwa wale vijana: msichana aliyejibu vizuri anataka labo. Tunapendekeza shirika limsaidie minervali asome Bukavu, ama biolojia kwenye iniversite ya Leta, ama labo kwenye ISTM. Akimaliza, atapata kazi hata kama forensiki haijafika kwetu, sababu hospitali zinatafuta watu wa labo kila siku. Na akipata burse ya masters siku moja, atakuwa na msingi. Wapili yuko mwaka wa kwanza wa medesini. Tunasema aendelee, tumsaidie vitabu tu, tuongee tena akifika kuchagua utaalamu. Mmoja wetu katika komite anaona apewe zaidi kuliko msichana, sababu dokta njo anasaini. Mtapiga kura.

Watatu alikuwa na karatasi ya shule inayofundisha kwa telefone na kutoa «diploma ya kimataifa ya forensiki» kwa miezi sita, ukilipa yote mbele. Tulimwomba aulize mambo manne: labo iko wapi, walimu ni nani, diploma inatambuliwa na wizara gani, na waliomaliza wanafanya kazi wapi. Alituma maswali. Jibu lilikuwa namba ya kutuma feza. Ameacha mwenyewe, na sasa ameomba kujiunga na wanaojitolea wa Croix-Rouge. Si kazi ndogo. Mwezi wa 5, 2023, mafuriko yalipobeba Bushushu na Nyamukubi kule Kalehe na kuua zaidi ya watu 400, maiti zilizikwa wengi pamoja, na jamaa nyingi mpaka leo hazijui wao walilazwa wapi. Mtu anayejua kupiga picha ya uso na nguo, kuandika namba moja kwenye mwili na kwenye kaburi, na kuweka daftari, mbele ya kuzika, anafanya kazi ambayo hakuna labo itafanya nyuma.

Pendekezo la mwisho halina feza, na njo tunalishikilia zaidi. Tunafungua daftari ya waliopotea. Kila jamaa itaandika: majina yote, hata ya utani; mwaka wa kuzaliwa; mara ya mwisho alionekana wapi, na nani, amevaa nini; urefu ukilinganisha na mtu mnayemjua; meno yaliyong'oka ao kuvunjika; mifupa iliyovunjika zamani; wandugu walio hai kwa upande wa baba na wa mama, na wanakaa wapi, hata kama ni Kigoma ao Amerika. Hatuchukui damu. Hatuchukui mate. Mtu akija nyumbani kuomba damu ao mate kwa jina la shirika, mumfukuze. Na hatuandiki nani alifanya. Hayo mutayapeleka kwa avoka ao palke mukipenda, si ndani ya daftari inayolala nyumbani kwa mtu. Kutakuwa na nakala mbili, zitawekwa mahali pawili tofauti, na kila ukurasa utasainiwa na mwenye kutoa habari ao kupigwa alama ya kidole.

Tutaanza siku ya Kuwa Pili, nyuma ya misa ya asubuhi, chini ya hangari ya soko la samaki. Wale wa Makobola watapita kwanza, halafu wale wa barabara ya juu. Mukuje na mzee mmoja wa jamaa, yule anayekumbuka zaidi, hata kama anabebwa. Kama hawezi kubebwa, mutuambie leo mbele ya kuondoka, tutamfikia nyumbani.